Ndege ina saa ngapi? Inategemea nani anahesabu

Haya wasomaji, leo tuache simu mpya na kompyuta kidogo, tuongee kuhusu ndege. Najua wengi wenu mko Thika, Juja au Ruiru, na ndege mnaiona tu ikipita juu ya mashamba ya kahawa. Lakini msifunge ukurasa. Jambo lenyewe ni la programu, na mwenye matatu litamgusa vilevile.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiandika programu ya kuweka rekodi za safari za ndege ndogo, ili ijulikane kila moja iende kwa fundi lini. Kabla ya kuanza niliangalia programu kadhaa zinazouzwa kwa kazi hii. Maoni yangu ni kwamba nyingi zimeweka nguvu mahali pasipofaa. Upande wa ratiba zinapendeza kweli: rangi ya kijani, njano na nyekundu, grafu, barua pepe za kukumbusha. Upande wa kuandika kile kilichotokea ni kisanduku kimoja kilichoandikwa "saa", na anayekijaza ni karani aliyechoka anayesoma mwandiko wa rubani kwenye karatasi iliyokunjamana. Ratiba yote inasimama juu ya kisanduku hicho.

Kwa ambaye hajui: ndege haipelekwi kwa fundi ikiharibika tu. Kila kitu ndani yake kina hesabu yake. Vingine huhesabiwa kwa saa za kuruka, vingine kwa miruko, yaani kupaa na kutua mara moja, na vingine kwa kalenda tu hata ndege ikilala bandani mwaka mzima. Chukua Cessna 172, ile ndogo ambayo wanafunzi wa urubani huijua vizuri. Injini yake ya Lycoming kwa kawaida hupewa saa 2,000 kabla ya kufunguliwa yote na kujengwa upya, au miaka 12, lolote litakalotangulia. Cessna Caravan inayopeleka watalii Maasai Mara ina injini ya PT6A, na muda wake wa kawaida ni saa 3,600. Humo ndani kuna diski zinazohesabiwa kwa namna nyingine kabisa, kwa idadi ya kuwashwa na kuruka. Hayo maneno "lolote litakalotangulia" ndiyo moyo wa programu nzima.

Sasa fikiria matatu ya Thika kwenda Ruiru. Ni kilomita kama 20 tu. Fundi akimwaga oili anakuandikia kwenye kadi urudi baada ya kilomita 5,000, basi. Lakini gari lile limesimama Witeithie, likasimama Juja, likasimama Kenyatta Road, likanguruma steji nusu saa likingoja kujaa. Injini imefanya kazi muda wote huo na breki zimekanyagwa mara zisizo na idadi, ilhali mita ya kilomita haijui lolote. Gari jingine la aina ileile linalokwenda Nyeri moja kwa moja litamaliza kilomita 5,000 hizo likiwa limechoka kidogo tu. Namba ni ileile, magari ni mawili tofauti. Wenye trekta kwenye mashamba ya mananasi ya Thika walishalielewa hili, ndiyo maana trekta ina mita ya saa.

Kwa ndege jambo hili lilionekana waziwazi tarehe 28 Aprili 1988 kule Hawaii. Boeing 737 ya Aloha Airlines ilikuwa futi 24,000 angani, ikitoka Hilo kwenda Honolulu, sehemu kubwa ya paa la mbele ilipong'oka. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafariki. Watu wengine 94 waliokuwa ndani walinusurika, kwa sababu marubani waliweza kuitua Maui. Ndege ile ilikuwa imetengenezwa 1969 na ilikuwa na saa 35,496 na miruko 89,680. Gawanya mwenyewe: wastani wa dakika 24 kwa mruko, kwa sababu ilikuwa ikirukaruka kati ya visiwa.

Aina ile ilibuniwa kwa lengo la miaka 20, saa 51,000 na miruko 75,000. Kwa miaka ilikuwa bado ndani, na kwa saa ilikuwa mbali kabisa na mwisho. Miruko pekee ndiyo ilikuwa imepita, na ilipita sana. Si kwamba hakuna aliyehesabu, idadi ilijulikana. Uchunguzi ulilaumu zaidi namna kampuni ilivyokuwa ikikagua maungio ya bati, na hewa ya chumvi ilichangia kutu. Ilielezwa pia kwamba nyingi ya safari zile fupi hazikufika juu sana, kwa hiyo si kila mruko ulikuwa na presha kamili. Mimi naona hiyo ndiyo sababu ya kuandika zaidi. Mtu akitaka leo kujua mruko upi ulikuwa mzito na upi mwepesi, atajuaje kama kilichohifadhiwa ni jumla tu?

Hapa kwetu mambo ni yaleyale. Caravan ikitoka Wilson kwenda Mara inachukua karibu dakika 45. Ikifika kule haitui mara moja ikatulia. Inaacha wageni wawili Keekorok, inaruka dakika kumi hivi hadi Ol Kiombo, inaruka tena hadi Kichwa Tembo. Ikirudi Wilson ina saa mbili na kitu, na imetua mara nne. Ndege mwenzake iliyokwenda Lokichoggio kwa muda karibu huohuo imetua mara moja. Karani akiandika "2.2" kwa zote mbili, programu yako imepoteza habari ambayo haitapatikana tena.

Halafu hizo saa zenyewe ni zipi? Hapa ndipo nilipoanza kukuna kichwa. Rubani huhesabu saa zake tangu ndege inapoanza kusogea kwa nia ya kupaa hadi inaposimama mwisho wa safari. Sheria za Marekani zinahesabu saa za matengenezo tangu ndege inapoacha ardhi hadi inapoigusa tena. Siku ambayo kuna foleni ya kupaa Wilson, tofauti kati ya hesabu hizo mbili si ndogo. Kisha kuna mita. Mita ya Hobbs hutembea kama saa ya ukutani, mradi injini ina presha ya oili au swichi kuu imewashwa, kutegemea ilivyofungwa. Takomita ya kizamani hufuata mizunguko ya injini, kwa hiyo injini ikinguruma polepole ardhini, saa yake nayo hujikokota. Ndege moja, safari moja, majibu manne, na yote ni ya kweli.

Ukichagua moja na ukashikamana nayo, hakuna neno. Hatari ni kuchanganya. Mwezi huu karani ameandika Hobbs, mwezi ujao karani mwingine anaandika takomita, na programu inajumlisha tu kwa sababu zote zinaitwa "saa". Au mita inaharibika, inafungwa mpya inayoanza sifuri, na programu haina mahali pa kusema "mita imebadilishwa". Basi mtu anaingia kwenye hifadhidata na kurekebisha jumla kwa mkono. Siku hiyo rekodi imekufa, ingawa skrini bado ina rangi ya kijani.

Kuna na hii ya nukta. Saa moja na nusu kwa desimali ni 1.5. Karani akiona 1:30 akaandika 1.30, umepoteza dakika 12. Si kitu, utasema. Safari 50 za namna hiyo ni saa 10 zimeyeyuka, na ukaguzi wenyewe ni wa kila saa 100. Kwa hiyo usimpe mtu kisanduku cha desimali. Mpe saa ya kuondoka na saa ya kutua, piga hesabu mwenyewe, na hifadhi dakika kama namba kamili. Wenzangu mnaoandika programu mnajua kwamba ukijumlisha 0.1 mara kumi kwa JavaScript unapata 0.9999999999999999. Hilo halifai pale ambapo sheria inasema ndege isimame.

Namba kamili nazo zina mwisho wake, wala msidhani wakubwa hawateleki. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kuhusu Boeing 787, aina ambayo Kenya Airways imekuwa nayo tangu 2014. Ilionekana kwamba umeme ukiachwa umewashwa siku 248 mfululizo, kihesabio ndani ya vidhibiti vya jenereta kinajaa, na ndege inaweza kupoteza umeme wake wa AC wote. Chukua 2 kwa kipeo cha 31, hesabu kwa mia za sekunde, ugawe kwa siku: utapata 248 na nusu. Naam, kihesabio tu.

Saa za ukutani nazo, jamani. Rubani anaandika 06:00 kwa UTC kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Ofisini wanasema 9:00. Mlinzi wa uwanja ukimpigia simu anakuambia ndege imeondoka saa tatu. Wote watatu wamesema kweli. Ukichukua kuondoka kwa rubani na kutua kwa karani, safari ya dakika 45 inakuwa saa tatu na dakika 45. Sidhani kama walioandika programu hizi kule ng'ambo waliwahi kufikiria lugha ambayo asubuhi huanza saa moja.

Jambo ninalolishikilia kuliko yote ni hili: usihifadhi jumla kana kwamba ndiyo ukweli. Hifadhi safari moja moja, kama mhasibu anavyoandika leja, na jumla ipigwe kutoka humo. Kosa likionekana usifute. Andika mstari wa kulitengua, na jina la aliyeandika na siku aliyoandika. Kila kifaa chenye namba yake kiwe na leja yake pia, kwa sababu injini hutolewa ndege hii ikafungwa ndege ile, na saa zake zinahama nayo. Programu iliyoweka saa za injini ndani ya ukurasa wa ndege itakwama siku ya kwanza ya kubadilishana.

Kuna kasoro nyingine ndogo ambayo imenishangaza. Kwa sheria za Marekani, ukaguzi wa saa 100 unaweza kupitilizwa hadi saa 10, ili tu kuifikisha ndege mahali pa kukaguliwa, na saa zile za ziada zinakatwa kwenye mzunguko unaofuata. Ukikagua kwenye saa 107, wa pili ni 200, si 207. Nimeona programu inayoongeza 100 kwenye siku ya kazi kufanyika. Ukirudia hivyo mara kumi na tano hivi, umezawadiwa ukaguzi mzima usiofanyika.

Na hiyo kijani ina maana mbili. Ama ndege imebakiwa na saa 12, ama hakuna aliyeingiza safari yoyote tangu Jumanne kwa sababu karatasi ziko Lamu. Skrini haitofautishi. Mimi nimeweka masharti mawili tu: mita ya mwanzo wa safari lazima ilingane na mita ya mwisho wa safari iliyopita, na ndege iondoke pale ilipotua mara ya mwisho. Ikiwa ilitua Kichwa Tembo na rekodi inayofuata inaanzia Wilson, kuna karatasi imepotea, na ratiba yote ya ndege hiyo inageuka kijivu mpaka ipatikane. Watumiaji walilalamika kwamba kijivu ni nyingi mno. Sikuitoa.

Wapo watakaoniambia nimepitwa na wakati, kwamba siku hizi akili bandia inabashiri kifaa kitakachoharibika. Kwa mashirika makubwa, ambako injini yenyewe hutuma vipimo, sina ubishi. Lakini ndege nyingi ndogo za zamani hazitumi chochote. Ubashiri utakula kilekile karani alichoandika, pamoja na 1.30 zake. Na mwisho wa yote anayeiruhusu ndege kuruka ni fundi mwenye leseni ya KCAA, anayetia sahihi kwa jina lake. Mtu huyo anastahili kuona safari zenyewe, mstari kwa mstari, si rangi.

Kuhusu matatu, nimeanza kujaribu wazo hilohilo. Vifaa vya kufuatilia gari ambavyo wenye matatu wengi wamefunga tayari hutuma habari za injini kuwashwa na kuzimwa, na gari kusimama. Nimechukua za gari moja la njia ya Thika, kwa ruhusa ya mwenyewe, nikazihesabu kwa saa za injini na idadi ya kusimama badala ya kilomita. Fundi wake wa Ruiru ameziangalia, akaniuliza swali moja: je, muda wa kungoja abiria na muda wa kupanda mlima umeutenganisha? Bado. Ndiyo kazi ya wiki hii.