Somo Lisilohesabiwa Halifundishwi

Kijana anapomaliza Kidato cha Nne katika nchi hii huulizwa maswali mawili: amepata daraja gani, na kwa pointi ngapi. Aulizwaye amejifunza kufanya nini ni nadra, na pengine angeulizwa hivyo angedhani anafanyiwa mzaha. Maswali hayo mawili yameota mizizi nyumbani, maofisini na katika vikao vya elimu vya wilaya, hata imesahaulika kwamba daraja si elimu yenyewe bali ni kipimo chake tu, na kwamba kipimo chochote hupima kile kilichowekwa juu ya mizani, basi.

Hesabu yenyewe walimu wanaifahamu, lakini haidhuru kuirudia, kwa kuwa ndani yake ndimo unamokaa mtaala wa kweli wa sekondari. Mtahiniwa huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na F ni 5. Mwenye pointi 7 hadi 17 yuko daraja la kwanza. 18 hadi 21 la pili. 22 hadi 25 la tatu. 26 hadi 33 la nne. Na mwenye 34 au 35 ameambulia sifuri. D huanzia alama 30 katika 100. Kwa hiyo kijana aliyepata D mbili na kuanguka katika masomo mengine matano ana pointi 33: yuko daraja la nne, amefaulu, na cheti anacho. Mwenzake aliyekaa miaka minne akijifunza kukata na kuunga vyuma hata akaweza kutengeneza mlango wa bweni na madawati ya darasa lake, lakini kazi hiyo haikuwamo katika masomo ya mtihani, kwa cheti ni sawa na mtu aliyekuwa amelala.

Katika hali hiyo mkuu wa shule afanye nini? Yeye huitwa kikaoni kueleza idadi ya madaraja ya kwanza na ya sifuri. Hakuna kikao kinachomwita kueleza bustani ya shule imetoa mchicha kiasi gani, wala ni wanafunzi wangapi wanaojua kusoma mchoro wa nyumba. Vipindi vya kazi za mikono hugeuzwa mazoezi ya hisabati, na mwalimu wa ufundi hupewa jiografia ya Kidato cha Pili kwa sababu huko ndiko kuna upungufu. Kumlaumu mkuu huyo kwamba ana kasumba ni uonevu. Anatii amri ya mizani.

Jambo hili si geni. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilieleza waziwazi. Wakati huo kiasi cha watoto 13 tu katika kila 100 waliomaliza shule ya msingi ndio waliotazamiwa kupata nafasi ya sekondari, na bado shule nzima ilifundisha kana kwamba wote wanakwenda huko. Alitaka masomo yafuate maisha ya wanavijiji ambao ndio wengi, na alitaka heshima kubwa iliyopewa mitihani ipunguzwe, kwa sababu alijua kwamba mtihani ukibaki ulivyo, shamba la shule litakuwa adhabu ya wachelewaji. Katika shule nyingi ndivyo lilivyokuja kuwa.

Jaribio kubwa la kufuata maneno hayo lilikuwa michepuo ya miaka ya 1970. Sekondari zilipewa mwelekeo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Fikra ilikuwa njema kabisa, na bado inastahili heshima. Lakini michepuo haikuishi umri mmoja, na tofauti hiyo ndiyo yenye fundisho kwa watumishi wa leo. Ufundi wa Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Iyunga, Bwiru na Musoma ulikuwa na karakana, na zaidi ya karakana ulikuwa na mlango wa kutokea: kijana aliyefaulu aliweza kwenda chuo cha ufundi Dar es Salaam, Arusha au Mbeya akasomea cheti cha fundi sanifu, na mwajiri alikijua cheti hicho. Biashara nayo ilikuwa na njia ya Kidato cha Tano katika tahasusi ya uchumi, biashara na uhasibu, na mashirika ya umma yalihitaji watunza hesabu kila siku. Somo lililokuwa na mlango lilidumu. Lakini pale ambapo mchepuo haukumpeleka kijana popote, ulibaki maandishi kwenye kibao cha shule barabarani. Majembe yakaoza stoo, vyerehani vikakosa sindano, na mwanafunzi akajua tangu wiki ya kwanza kwamba kipindi hicho ni cha kupumzikia.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikwenda kwenye mizani yenyewe. Lilisimamisha desturi ya kutoka Kidato cha Sita moja kwa moja hadi Chuo Kikuu bila kufanya kazi kwanza, na likafungua njia ya alama za kazi za kila siku darasani kuingizwa katika matokeo ya mwisho. Baraza la Mitihani la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 baada ya nchi kujitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lilikabidhiwa mzigo huo. Matatizo yalikuwapo. Mwalimu anayepimwa kwa matokeo ya wanafunzi wake, kisha akaambiwa atoe sehemu ya alama hizo kwa mkono wake, amewekwa katika jaribu ambalo hata malaika angelikimbia. Hata hivyo kosa la usimamizi si ushahidi wa kosa la fikra.

Tangu hapo mizani imeguswa mara nyingine, lakini kwa namna ya ajabu. Matokeo ya mtihani wa 2014 yalitolewa kwa wastani wa alama, watahiniwa wakapangwa kwa majina mapya. Matokeo ya 2015 yakarudishwa katika madaraja. Wazazi walihangaika, walimu wakajifunza majedwali mawili katika muda mfupi, wala hapakuwa na somo hata moja lililofundishwa kwa njia tofauti kwa ajili ya mabadiliko hayo. Palibadilishwa jina la uzito, si kitu kilichopimwa.

Sasa Serikali imeingia katika hatua kubwa kuliko zote tangu michepuo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka mikondo miwili katika sekondari: elimu ya jumla na elimu ya amali, neno ambalo ndugu wa Zanzibar wamelizoea siku nyingi. Utekelezaji ulianza Januari 2024. Mwaka huohuo tahasusi za Kidato cha Tano na cha Sita ziliongezwa hadi 65. Orodha ndefu inapendeza machoni, ila shule yenye mwalimu mmoja wa fizikia haitoi tahasusi 65, na haitoi hata tano.

Swali la amali ni zito zaidi. Mwanafunzi wa mkondo huo ameandaliwa kutahiniwa pande mbili: Baraza la Mitihani kwa masomo ya jumla, na mamlaka ya mafunzo ya ufundi kwa fani yake. Je, siku kijana huyo atakapoomba kazi au nafasi ya kuendelea, ofisa aliye mezani atafungua karatasi ipi kwanza? Ikiwa ni ile ya pointi saba, na ile ya fani ikabaki chini ya faili, basi wazazi hawatachukua muda kulitambua hilo, na amali itaitwa mkondo wa walioshindwa kabla rangi ya karakana haijakauka. Huko ndiko kasumba ya kudharau kazi za mikono inakopata chakula, na hotuba elfu moja haziwezi kuishinda jedwali moja la sifa za kuajiriwa.

Wako wanaosema kwamba fani haiwezi kupewa uzito sawa na fizikia au historia kwa sababu kupima kazi ya mkono ni shida na ni gharama. Gharama ipo, na haifai kufichwa: karakana ya useremala isiyo na mbao haina tofauti na maabara isiyo na tindikali. Lakini nchi hii imepima kemia na biolojia kwa vitendo kwa miaka mingi, watahiniwa wakipewa vifaa na wasimamizi, na hakuna aliyesema alama hizo si za kweli. Inawezekanaje kumpima kijana anayechanganya dawa kwenye chupa ikashindikana kumpima anayefunga nyaya za umeme?

Yanayotakiwa ni mambo ya kiofisi, wala si ya miujiza. Alama ya fani iingie katika hesabu ya daraja, si pembeni yake. Leo, anayetaka Kidato cha Tano hutakiwa kuwa na masomo matatu angalau kwa alama ya C au zaidi. Ielezwe wazi fani inahesabiwaje hapo, na ni tahasusi gani au chuo gani kinampokea fundi kijana. Miundo ya utumishi, inayoandikwa na watumishi wenyewe wanaosoma ukurasa huu, itaje cheti cha fani kwa jina kila inapotaja Kidato cha Nne. Na mwalimu wa karakana ahesabiwe katika ikama kama mwalimu wa somo, asiwe mtu wa kuziba pengo.

Wanafunzi walioanza Kidato cha Kwanza Januari 2024, mwaka wao wa mtihani wa Kidato cha Nne ni 2027. Majibu ya maswali haya yanapaswa kuwa mikononi mwa wakuu wa shule kabla ya watoto hao kuingia chumba cha mtihani, kwa waraka uliotiwa sahihi.