Tusiache lugha za wazazi wetu zizimike Birere

Kijana wa Birere anayejifunza gitaa atapenda habari hii: Mfaransa mmoja, François Sudre, alitunga lugha nzima kwa noti saba za muziki. Iliitwa Solresol. «Domisol» ni Mungu. Ukiligeuza, «solmido», ni Shetani. Mtu angeweza kuisema, kuiimba au kuipiga kwa chombo. Sudre alikufa mwaka 1862, kitabu chake kikatoka 1866, na leo wanaoijua ni wachache sana. Kwa maoni yangu sababu ni moja: hakuna akina mama waliolea watoto kwa lugha hiyo.

Sisi Wakongomani hatukungoja mtu atubunie. Kando ya mto Congo, upande wa Kisangani, Walokele walipeleka habari mbali kwa ngoma ya mti yenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Ngoma ilifuata sauti za lugha yao. Kwa Kilokele, «lisaka» yote kwa sauti ya chini ni dimbwi. Silabi ya mwisho ikipanda, ni ahadi. Mbili za mwisho zikipanda, ni sumu. Mmisionari Mwingereza John Carrington aliandika juu ya ngoma hizo katika kitabu chake cha mwaka 1949.

Kinande, Kihunde, Mashi na Kilega nazo ziko hivyo: sauti ikipanda au ikishuka, maana inaweza kubadilika. Kiswahili hakina jambo hilo. Birere, ambako watu wa kila pembe ya Kivu wanafanya biashara, Kiswahili kinatuunganisha, na hilo ni jema. Shida ni nyumba ambamo kimebaki peke yake, mtoto hawezi tena kuwajibu wazee wake.

Wengine watasema vitabu vitatunza lugha hizo. Vitatunzaje, wakati maandishi yetu kwa kawaida hayaonyeshi sauti? Kwenye karatasi, «lisaka» zote tatu zinafanana. Katiba ya 2006, kifungu cha kwanza, inasema lugha nyingine za inchi ni urithi ambao Serikali inalinda. Lakini Serikali haiketi jikoni jioni kuongea na mtoto.

Mzazi wa Birere, Kiswahili mtoto atakipata barabarani, Kifaransa atakipata masomoni. Kinande au Kihunde asipokisikia kinywani mwako, atakisikia wapi?