Uchawi Usio na Mwiko

Upo wizi ambao polisi hawaushughulikii, nao ni wizi wa mwisho wa hadithi. Mwandishi huufikia mwisho wake kwa jasho, kisha watengeneza sinema hununua haki ya kitabu, wakaukata mwisho ule na kubandika mwingine unaopendeza macho. Mfano ninaoujua vizuri ni riwaya ya The Natural ya Bernard Malamud, iliyotoka Marekani mwaka 1952, na filamu ya jina hilohilo ya mwaka 1984, iliyoongozwa na Barry Levinson, ambamo Robert Redford ndiye mchezaji mkuu.

Kwa msomaji asiyeijua besiboli, inatosha kusema hivi: mtu mmoja hutupa mpira kwa kasi, na mwingine husimama na gongo la mti kuupiga. Akiukosa mara tatu, zamu yake imekwisha. Akiupiga ukavuka ukuta wa uwanja, watu huamka vitini na kupiga kelele za shangwe.

Roy Hobbs, shujaa wa hadithi hii, ni kijana wa shamba mwenye gongo alilolichonga mwenyewe kutokana na mti uliopigwa na radi. Amelipa jina, Wonderboy, na halimtoki mkononi. Akiwa njiani kwenda Chicago kujaribiwa, anamshinda mpigaji mashuhuri aliyekwisha kuanza kuzeeka, kwa kumtupia mipira mitatu tu. Muda si mrefu mwanamke mmoja anampiga risasi ya fedha hotelini. (Malamud hakulibuni jambo hili lote: mwaka 1949 mchezaji wa Philadelphia, Eddie Waitkus, alipigwa risasi na msichana katika hoteli moja ya Chicago, naye akapona.) Miaka mingi inapita. Roy anarudi akiwa na umri wa miaka 34, anajiunga na New York Knights, timu iliyozoea kufungwa, na gongo lake linaanza miujiza. Anaupiga mpira hadi ngozi yake inachanika, na mvua inanyesha juu ya uwanja uliokauka, utadhani amekuja mganga wa mvua.

Hadi hapo kitabu na filamu vinakwenda pamoja. Hebu sasa tujiulize: uchawi huu una mwiko gani?

Kila aliyelelewa kwa paukwa pakawa anajua kwamba kitu cha ajabu hakitolewi bure. Pete, fimbo au hirizi huja na sharti lake: usiseme uongo, usimtupe aliyekusaidia, usile peke yako. Anayevunja sharti huamka asubuhi akakuta jumba limegeuka kichuguu. Sharti ndilo linaloifanya hadithi iwe hadithi. Bila hilo ni tangazo la biashara.

Malamud alilijua hilo. Roy wa kitabuni ana kipaji kikubwa na tumbo kubwa zaidi. Anataka kila kitu: sifa, fedha, chakula, na Memo, mwanamke asiyempenda. Iris, aliyesimama peke yake katikati ya umati ili kumtia moyo, anamkimbia kwa sababu moja tu: Iris ni bibi, ana mjukuu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Roy alimkataa mjukuu wa Iris, akaletewa wa kwake. Anakula mpaka anaugua. Kisha, akiwa dhaifu kitandani, anakubali rushwa ya Jaji, mwenye hisa nyingi katika timu, ili mchezo wa mwisho ushindwe. Katikati ya mchezo anajuta na kutaka kushinda kweli. Lakini mwiko umekwisha kuvunjwa, na gongo linapasuka. Anakosa mpira wa mwisho mbele ya mtupaji kijana, kama yeye mwenyewe alivyomshinda yule mzee zamani. Anarudi kwa Jaji, anamtupia fedha zake, lakini amechelewa. Anabaki barabarani akilia.

Filamu inafanya nini? Inayaondoa makosa yote ya Roy, moja baada ya jingine. Iris anakuwa mchumba wake wa ujanani aliyemzalia mtoto wa kiume. Ugonjwa hautokani na ulafi. Filamu inadokeza sumu, na risasi ya zamani iliyobaki tumboni. Rushwa anaikataa. Gongo linapasuka vilevile, lakini anachukua jingine, anaupiga mpira ukavunja taa za uwanja, na cheche zinamwagika kama fataki za sikukuu. Ikiwa gongo lolote laweza kufanya hivyo, basi lile la radi lilikuwa na kazi gani?

Wapo watakaosema sinema ni sanaa nyingine, ina sheria zake. Nakubali, na nakiri kwamba filamu hii ni nzuri kwa macho. Iliteuliwa kugombea tuzo nne za Oscar. Kufupisha kitabu si dhambi. Kubadili maana yake kuwa kinyume ndiyo dhambi. Wengine watasema mtu aliyechoka na kazi hanunui tiketi ili akahuzunishwe. Mbona basi watu wale wale hujaa kutazama Othello akimwua Desdemona? Watazamaji si watoto wachanga. Wanaovumilia maisha wanaweza kuvumilia hadithi.

Malamud alikuwa na jambo la kweli nyuma yake. Mwaka 1919 Chicago White Sox walishindwa na Cincinnati katika fainali kuu, na ikagundulika kwamba wachezaji walihongwa. Wanane, akiwamo Joe Jackson, walifungiwa maisha mwaka 1921, ingawa mahakama ilikuwa imewaachia huru. Jackson alifariki mwaka 1951, na adhabu hiyo iliondolewa rasmi mwaka 2025 tu, ilipoamuliwa kwamba kufungiwa kunakoma mtu anapokufa. Huko hakuna aliyeweza kuja na gongo jingine na kuzivunja taa.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Filamu inamfundisha kijana kwamba watu wako aina mbili: mashujaa, ambao bahasha haiwagusi, na waovu wanaokaa gizani kama Jaji. Kijana huyo akija kuajiriwa, akaletewa bahasha ya kwanza siku mtoto wake anapoumwa, atajiambia kwamba yeye si wa aina ile ya gizani, basi anachopokea si rushwa. Malamud anasema jambo gumu zaidi: anayepokea ni yule yule tuliyemshangilia jana, mwenye kipaji, anayependwa, na aliyekusudia mema. Anapokea, anajuta, anazirudisha, na bado mchezo umeshindwa.

Shujaa asiyeweza kuanguka hawezi kumwonya mtu yeyote. Atazame filamu anayetaka, ni haki yake. Lakini asiseme ameijua hadithi ya Roy Hobbs mpaka amefika ukurasa wa mwisho wa kitabu na kumkuta barabarani, mikono mitupu.