Ati Wazee Wakae Nyumbani

Pana neno lisemwalo sokoni Kalamba, na katika masoko mengi ya Ukambani, kila mzee anaponusurika kugongwa na pikipiki: "Huyu naye alitoka kwake kutafuta nini?" Neno hilo husemwa kwa kicheko. Mimi naliona kuwa ni neno baya, na nataka kulipinga mbele yenu ninyi wanafunzi, kwa sababu katika vicheko vile nimesikia pia sauti za vijana waliovaa sare za shule.

Alitoka kutafuta nini? Alitafuta chumvi, na dawa ya shinikizo la damu. Pengine alikwenda kuchukua fedha za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, zilizowekwa na serikali kwa ajili ya wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Ni ukarimu wa namna gani kumwekea mtu haki yake ng'ambo ya barabara, kisha kumwachia aifuate kwa kuhatarisha roho?

Na tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Barabara yenye upana wa mita 7 kijana huivuka kwa sekunde tano au sita. Bibi mwenye mkongojo, aendaye mita 0.7 kwa sekunde, ahitaji sekunde 10. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa, nao ndio mwendo wa mwisho ulioruhusiwa na sheria ya Kenya ndani ya miji na vituo vya biashara, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Kwa hiyo bibi ainuapo mguu wake wa kwanza, gari lililo mbali mita 130 litamfikia kabla hajamaliza kuvuka. Dereva akienda kilomita 80, hata gari lililo mita 220 ni hatari kwake. Macho ya miaka 75 yatapimaje mwendo wa kitu kilicho mbali hivyo? Tena mwendo ukizidi mara mbili, breki huhitaji nafasi mara nne ili kulisimamisha gari. Enyi msemao kwamba wazee hawana uangalifu, niambieni ni uangalifu gani utakaompa mtu miguu mipya.

Wako wanaosema kwamba matuta barabarani huchelewesha biashara. Kalamba pana kiwanda cha kusindika matunda, na msimu wa embe ukifika malori hayana budi kupita. Sikatai malori ya embe. Wengi wa walioipanda miembe ile ni wazee hao hao. Lakini lori lipitalo mita 300 za soko kwa kilomita 30 badala ya 80 hupoteza yapata sekunde 23. Sijaona embe iliyooza kwa sekunde 23.

Wala wazee hawaombi makubwa. Wanaomba matuta, kivuko chenye alama, na kando ya barabara isiyozibwa kwa vibanda na pikipiki, hata mtembeaji akalazimika kushuka katikati ya magari. (Wenye vibanda hivyo nao wana mama zao, lakini hilo watajibu wenyewe.) Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Mtu atashiriki vipi naye hawezi kufika?

Anayetaka wazee wakae nyumbani hajui habari za kwao. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe wao, watu wa Ukambani, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda hadi Nairobi wakapiga kambi, wakakataa kuondoka bila kusikilizwa. Mwaka huohuo amri ya kupunguza mifugo kwa nguvu ikaachwa. Watoto wa watu hao ndio tunaowacheka leo wakishindwa kuvuka mita 7.

Kaunti ya Makueni hufanya mikutano ya wananchi kuhusu matumizi ya fedha za umma. Humo mzee akisimama kusema habari ya barabara, mara nyingi huambiwa afupishe. Mwanafunzi ana utepe wa kupimia na saa ya kuhesabia sekunde. Akae kando ya bibi yake, amwandikie upana wa barabara na muda wa kuvuka katika karatasi moja, ili mkutano ujao bibi asimame na karatasi hiyo mkononi, tuone ni nani atakayemwambia afupishe.