Kaskazi Shela: kila kizazi na saa yake baharini

Wazungu wana kiangazi chao cha Juni hadi Agosti, ambapo mtu na mkewe na watoto hupakia vikapu garini wakaenda kukaa ziwani kutwa nzima. Wasimulie watu wa Shela habari hiyo nao watakucheka. Kwao Juni na Julai ni kusi, upepo mkali, bahari imechafuka, na nahodha mwenye akili hufikiri mara mbili kabla ya kutweka tanga. Ndiyo maana wanawashangaa wageni wanaofika Agosti na kujitosa majini wakitetemeka. Msimu wa kuoga wa Shela ni kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, jua linapochoma mpaka paka wa mitaani wanagombania kivuli.

Likizo ya Desemba iliyopita niliwachukua wanangu wawili, wa kiume wa miaka 9 na wa kike wa miaka 12, tukaenda kukitafuta kiangazi hicho. Tulifikia kwa bibi mmoja aliyekuwa rafiki ya marehemu mama yangu. Kwa wasiofika huko, Shela ni kijiji katika kisiwa cha Lamu, kiasi cha kilomita 3 kutoka mji wa kale. Mbele yake kuna mkondo wa bahari na kisiwa cha Manda, na ubavuni kuna ufuo wa mchanga wa karibu kilomita 12 pamoja na vilima vya mchanga. Vilima hivyo si pambo la wapiga picha tu. Mvua inayonyesha hapo huzama chini, na maji matamu ya visima vya Shela ndiyo yanayonywewa mjini Lamu.

Siku ya kwanza wanangu walitaka kuingia baharini kabla hata ya kufungua mikoba. Bibi akawazuia. "Bahari ya hapa ina saa zake, wanangu," akasema. Nilidhani anazungumzia kupwa na kujaa. Kumbe alikuwa anazungumzia watu.

Saa ya kwanza ni ya wazee. Wakisha kuswali alfajiri, huteremka pwani na vikoi vyao, mmoja mmoja, wakajikalisha majini mpaka mabegani. Wengine huswali katika msikiti wa Ijumaa, ule wa mwaka 1829 wenye mnara mweupe unaoonekana kutoka mbali. Hawaogelei. Wanakaa tu, maji ya chumvi yakiwakanda magoti yenye baridi yabisi, huku wakibishana juu ya bei ya samaki na ile bandari ya Manda Bay ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Mwanangu wa kiume alijipenyeza kati yao asubuhi moja, wakamsimulia vita vya Shela vya mwanzoni mwa karne ya 19, jinsi watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa walivyokuja kwa majahazi na maji yakakupwa, vyombo vikakwama mchangani, wenyewe wakachinjwa. Kutwa nzima alikuwa akiniuliza kama mifupa bado iko.

Mtoto wa kiume wa bibi ni nahodha, ana miaka arobaini na kitu. Nilimwuliza mara ya mwisho ni lini alioga baharini kwa starehe. Alifikiria kwa muda mrefu, mkono kwenye usukani. Kwa watu wa rika lake kaskazi ni msimu wa riziki, maana hoteli kadhaa hufunga milango Mei na Juni, na kinachopatikana Desemba na Januari ndicho kinacholipa karo. Tena wameonja ukame wenyewe. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, na 2014 kukawa na mashambulizi ya Mpeketoni, na kila mara mashua zikakaa ufukoni zikipasuka kwa jua. Starehe yake yeye ni tarehe mosi Januari, siku ya mashindano ya mashua. Hapo, alisema, hata nahodha mwenye deni husahau deni.

Wenye bahari hasa ni wavulana. Toka asubuhi mpaka magharibi wako majini, weusi kwa jua na weupe kwa chumvi, wakiruka kutoka gatini kichwa chini miguu juu. Hawakufundishwa na mtu. Kaka humtupa mdogo wake, mdogo hunywa maji mara tatu, mara ya nne anaelea. Maulidi yakifika huko Lamu, vijana hushindana kuogelea mbele ya mji mzima, na atakayeshinda hutajwa jina hata na asiyemjua. Maji yakikupwa huteleza kwenye vilima vya mchanga juu ya vipande vya mbao, au hutengeneza vijahazi kwa kandambili zilizotupwa na tanga la mfuko wa unga. Mchezo huo umewahi kufanywa na watu wazima pia: huko huko Lamu lilijengwa jahazi la Flipflopi, la plastiki iliyookotwa, likapambwa kwa kandambili 30,000, likashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Baadaye lilifika hata Ziwa Viktoria. Wavulana wa Shela wanalizungumzia kama kwamba ni binamu yao.

Sasa nifike kwenye jambo lililoninyima usingizi.

Bibi ana mjukuu wa kike wa miaka 13. Alasiri zote nne za kwanza alifuatana nasi pwani, amejifunga leso, akakaa mchangani akilinda viatu vya kaka zake. Binti yangu alikuwa ndani ya maji kwa fulana na suruali ndefu, akipiga makelele, maana naye hajui kuogelea vizuri, amejifunza katika bwawa la shule ambalo nusu ya mwaka halina maji. Alimwita mwenziwe. Yule akatabasamu tu. Siku ya tano binti yangu akaniuliza mbele ya watu, "Mama, mbona yeye haingii?"

Jibu nililipata jikoni kwa bibi, tukikuna nazi. Mjukuu wake alikuwa akiogelea na kaka zake mpaka mwaka uliotangulia. Kisha akawa mwari, na mambo yakaisha. Hakuna aliyemkataza kwa maneno. Yeye mwenyewe alijua.

"Na wewe, bibi, ulijifunza wapi?" Nilimwuliza kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa amenieleza namna ya kulala chali juu ya mawimbi, na mtu hawezi kueleza hivyo asipokuwa amelala.

Akacheka. "Usiku. Mai ya usiku yalikuwa yetu." Mai ndiyo maji kwa Kiamu. Akanisimulia kwamba zama za ujana wake, joto la kaskazi likizidi, wanawake walikuwa wakishuka pwani baada ya isha, mama na mabinti na mashangazi, usiku usio na mwezi, mwanamke mmoja akibaki juu kulinda nguo na kukohoa akiona mtu. Humo gizani ndimo walimofundishana. Wanaume walijua, na hawakupita.

Kumbe basi mila haikuwanyima wasichana bahari. Mila iliwapa saa yao, na ni saa ile iliyopotea. Bibi alihesabu ilivyopotea: taa za mahoteli zikafika ukingoni, wageni wakaanza kutembea ufukoni usiku, na Julai 2014 serikali ikaweka kafyu Lamu, ikaongezwa tena na tena. Kisha ikaja kafyu ya korona, nchi nzima, Machi 2020 hadi Oktoba 2021. Wanawake walikuwa wamekwisha kuacha, na wasichana waliobaleghe katika miaka hiyo hawakupata wa kuwachukua. Wazee bado wana alfajiri yao, wavulana wana mchana wote. Wasichana wana mchanga na viatu vya kaka zao.

Wako watakaosema kuogelea ni anasa, msichana hafi kwa kukosa anasa. Nawaomba waangalie ramani. Mtu wa Lamu hapandi matatu kwenda Pate, Faza au Ndau. Anapanda mashua. Mja mzito huenda hospitali kwa mashua, mwanafunzi hurudi nyumbani kwa mashua, bibi harusi hupelekwa kwa mashua, na bahari hiyo imekwisha kula watu wengi. Chombo kikipinduka, mvulana ana nafasi. Dada yake amevaa buibui na hajui hata kuelea. Wazee wenyewe hupenda kutaja agizo linalonasibishwa na Sayyidna Umar, kwamba watoto wafundishwe kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Sijasikia kwamba alisema wa kiume peke yao.

Nikamweleza bibi habari za Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambako mradi uitwao Panje uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kufunika mwili kuanzia kichwani hadi miguuni, tena kwa walimu wa kike. Picha zao zilipata tuzo la World Press Photo mwaka 2018. Bibi hakujali habari ya tuzo. Aliuliza nguo hizo zinashonwa kwa kitambaa gani.

Usiku huo alimwita mwanawe nahodha, wakazungumza faragha barazani. Sikusikia yote. Nilimsikia nahodha akisema watu watasema, na bibi akijibu kwamba watu walisema hata alipomnyonyesha yeye. Baada ya isha tukashuka, mbali kidogo na mahoteli: bibi, mjukuu, binti yangu, jirani wawili na mabinti zao, na mimi ambaye nimezaliwa mjini na mwisho wangu ni magotini. Nahodha alisimama juu ya kilima cha mchanga, ametupa mgongo, tochi mkononi. Mwezi ulikuwa wa mwishoni, hauchomozi mpaka usiku wa manane.

Bibi aliingia kwanza, dera likamvimba kama tanga. Akamshika mjukuu wake kisogoni na kiunoni, akamwambia alegeze shingo. Msichana hakuwa amesahau kitu. Alichokuwa amesahau ni kucheka kwa sauti, na hicho nacho alikikumbuka upesi, mpaka nahodha akakohoa kutukumbusha.

Wakati wa kurudi alitwambia haya ni maji mafu, hayavuti, mazuri kwa anayejifunza, na kesho yatajaa kiasi cha saa moja baadaye kuliko leo. Tuje na leso za kubadilisha, akasema, na mkewe anauliza kama anaweza kuja.