Aldi au Lidl? Sehemu ya 4: Maziwa ya kopo

Wamama wenzangu wa hapa Uingereza, kwa unga, mafuta na mboga msimamo wangu mnaujua: nenda duka lililo karibu, usilipe nauli ya basi kufuata peni chache. Leo tuongee maziwa ya mtoto.

Kama unanyonyesha na mnaendelea vizuri, endelea. Kama unatumia kopo, sikia: kisheria maziwa yote ya watoto wachanga lazima yafikie viwango vya lishe. NHS yenyewe inasema kampuni au bei si hoja. Kwa hivyo Mamia ya Aldi inamtosha mtoto, labda daktari awe amemwandikia maziwa maalumu. Ati kopo la bei kali ndio mapenzi? Hapana, mama.

Kinachonitia hofu mimi kama nesi ni kopo ghali linaloongezewa maji ili lifike mwisho wa mwezi. Hapo mtoto anakosa lishe na anaweza kuugua. Pima vijiko na maji kama kopo linavyoelekeza.

Yale ya namba 2, ya baada ya miezi 6, si lazima. Akifika mwaka 1, ya ng'ombe yasiyopunguzwa mafuta yanatosha.

Pesa ikibaki, nunua mayai na maharagwe. Mama naye ale.