VYAMA VYA SIASA KURA ZIKISHA KUHESABIWA

Ndugu wafanya kazi,

Wengi wenu mwatuuliza, je, vyama vikubwa vya siasa vina tofauti gani uchaguzi ukiisha? Twajibu kwa mambo yaliyotokea.

Mwaka 1963 KANU na KADU walishindana kwa maneno makali juu ya majimbo. KANU wakashinda. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU wakavunja chama chao wakaingia KANU, na habari ya majimbo ikaisha. Wale waliokosana na jirani zao kwa ajili ya majimbo hawakuulizwa neno.

Tazameni ya juzi. Mwaka 2023 Serikali ilianza kukata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba. Upinzani, na ODM ndani yake, wakapiga kelele. Mahakama ikasema si halali. Machi 2024 Bunge likairudisha kwa sheria mpya. Agosti 2024 John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa ODM, akaapishwa kuwa Waziri wa Fedha. Je, ile 1.5 iliondoka? Mwisho wa mwezi ilikatwa vile vile!

Hatusemi hapakuwa na tofauti kamwe. KPU ya 1966 ilitofautiana kweli na KANU juu ya ardhi. Mwaka 1969 ikapigwa marufuku.

Basi wagombea wa 2027 wakija langoni, msiwaulize rangi ya chama. Waulizeni watapiga kura namna gani Bungeni juu ya makato ya mshahara. Jibu liandikwe, litiwe sahihi, apewe katibu wa tawi alitunze.